Nani Atamjibu Mtani

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikatazwa kufagia buibui ndani ya karakana yangu mwenyewe, na aliyenikataza hakuwa hata mwenye jengo. Alikuwa fundi wa cherehani wa mlango wa pili, mtu mfupi anayechechemea, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Alikuwa akiingia bila hodi, anainua uso kutazama pembe za dari, kisha ananyoosha kidole.

"Mama, usiguse ile. Ile ni yangu."

Mimi nashona sare za shule na magauni ya harusi hapa Doornfontein, Joburg, ghorofa ya pili, katika jengo lililokuwa kiwanda zamani na sasa limekatwakatwa vyumba kwa mbao nyembamba. Ukipiga chafya kwangu, msusi Mkongo wa chumba cha tatu anakuombea afya. Kwa mtu wa kazi yangu, buibui ni balaa. Gauni jeupe la bibi harusi linaning'inia chini, utando unaning'inia juu. Lakini fundi yule ndiye aliyekuwa akizifufua cherehani zangu, na cherehani zangu ni za zamani na zina kiburi, kwa hiyo nilikuwa namvumilia.

Vile vifuko vyeupe vya mayai ya buibui alikuwa akivibandua kwa kisu kidogo, taratibu, anavibeba kiganjani hadi chumbani kwake. Huko alikuwa na marimba. Mbao kumi na nne zimefungwa kwa kamba za ngozi, na chini ya kila ubao kibuyu, na kwenye kila kibuyu vitundu vilivyozibwa kwa ule utando. Bila utando marimba inalia wazi kama gogo. Ikiwa na utando inavuma, ina mkwaruzo, sauti kama ya mzee aliyelia asubuhi. "Plastiki nilijaribu," aliniambia. "Haina huzuni."

Alikuwa Mdagaaba. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilidhani ni jina la dawa. Wadagaaba ni watu wa pembe ya kaskazini-magharibi ya Ghana, na wengine wako ng'ambo ya mto, Burkina Faso, kwa sababu Mwingereza na Mfaransa walipogawana nchi waliufanya ule mto mpaka bila kuuliza nani ana shangazi upande gani. Ghana yenyewe ukiwauliza wa kusini habari zao, watakwambia hao ni wa huko juu, wachimbaji na vibarua. Alinisimulia hayo yote akiwa amelala chali chini ya cherehani, bisibisi mdomoni, kwa Kiswahili alichojifunza kwa Wakongo wa jengo letu.

"Na mfalme wenu nani?" niliwahi kumuuliza.

"Hatukukuwa na mfalme. Mzungu alipofika alitafuta chifu, hakuona, akashika mtu mmoja barabarani, akamuvalisha kofia."

"Sasa nani alikuwa anawaamuru?"

"Nani angesubutu?"

Walikuwa na mtunza ardhi tu, alisema, mtu wa kuiomba ardhi radhi damu ikimwagika juu yake. Mambo mengine kila nyumba ilijua yake. Babu yake alitembezwa kwa miguu kwenda kusini kuchimba dhahabu ya wengine, akarudi na kikohozi na blanketi. Ndiyo maana, alisema, alipofika Joburg hakuona ajabu yoyote. Hata juma lao la soko ni la siku sita. Nilimuuliza hiyo siku ya saba huwa wanaificha wapi. Akatoa bisibisi mdomoni ili acheke vizuri.

Lakini nimeruka. Kabla ya mimi kuanza kumtania, alikuwepo mwenye kazi hiyo.

Alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi kule Braamfontein, mtu mrefu, Mfrafra, na hao Wafrafra nao ni watu wa kaskazini ya Ghana, upande wa mashariki wa Wadagaaba. Kila Jumamosi akitoka zamu alikuja moja kwa moja, anasimama mlangoni kwa fundi na sare yake ya ulinzi, anauliza kwa sauti ya kusikika hadi mtaani: mwizi wa kichwa cha mbwa yupo? Siku ya kwanza niliposikia hayo, na mimi Mwislamu nina kitambaa cha harusi mikononi, nilidhani patamwagika damu. Fundi akatoka, akamwambia mwenzake kwamba ukoo wao wote haukuwahi kuota pembe wala akili. Mlinzi akajibu kwamba amekuja kupima urefu wa fundi ili amtengenezee jeneza la mtoto. Wakasukumana. Kisha wakakaa kwenye benchi langu, wakala karanga zangu, wakacheka hadi fundi akakohoa.

Habari yenyewe, kama fundi alivyonieleza, ni kwamba hapo kale Mdagaaba na Mfrafra walikuwa ndugu, wakachinja mbwa, mmoja akaenda kuchota maji, aliporudi kichwa hakipo sufuriani. Kila upande unasema mwenzake ndiye aliyekila. Tangu siku hiyo Mfrafra anaweza kumwambia Mdagaaba lolote, popote, naye hana ruhusa ya kukasirika. Hasa msibani. Msibani Mfrafra anakuja kuzuia maiti isitoke, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anadai karanga, anadai kanga wa kuchoma, anawaambia wafiwa kwamba wanalia vibaya.

"Kumbe ni watani!" nilisema.

Fundi hakulijua neno hilo. Nikaweka mkasi chini, nikamweleza. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Watani wetu ni Wanyamwezi. Baba yangu alipofariki nilikuwa msichana mkubwa, na nyumba ilikuwa imejaa kilio cha kuvunja kifua. Akaingia mama mmoja wa Kinyamwezi, jirani yetu, amevaa kanzu ya baba, kofia ya baba, miwani ya baba iko puani. Akapita katikati ya wanawake na mwendo wa baba, mkono nyuma, akaenda kuinama kwenye birika. "Nani kanywa chai yangu?" akauliza, kwa sauti ya baba kabisa. Mama yangu, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akamtukana yule mama tusi ambalo sikujua kama analijua, na baada ya hapo akaomba uji.

Fundi alinisikiliza hadi mwisho bila kugusa cherehani. "Tusi," aliuliza, "mama yako alijibu kwa tusi?"

"Ndiyo. Mtani lazima ajibiwe."

"Lazima," akasema. "Asipojibiwa, ni mutu anatukana maiti tu."

Mlinzi yule baadaye alirudi kwao moja kwa moja. Jumamosi zikapoa. Fundi alikuwa akifungua mlango wake na kuuangalia ule ukumbi wa jengo kama mtu aliyesahau kitu. Jumamosi ya tatu nilishindwa. Nikajifunga kanga kiunoni, nikasimama mlangoni kwake, nikauliza kama yule mla mbwa ameamka au watu wa siku sita leo wamelala. Alivua miwani, akaifuta kwa aproni yake. "Weye Mzaramo," akasema, "hauna haya." Na kwa kuwa Watanzania wa ghorofa ya chini walishanichongea kwake kwamba Wazaramo huuza shamba ili wacheze ngoma, akaniuliza nimeuza mangapi. Tukaanza hivyo, na tuliendelea hivyo kila Jumamosi, na katikati ya juma pia.

Mke wake alikuwa ameshafariki, amezikwa hapahapa Joburg kabla mlinzi yule hajafika mjini, kwa hiyo alizikwa bila mtani. Walikuwa na binti mmoja, aliyezaliwa hapa, anasoma chuoni mitaa miwili kutoka kwetu. Mrefu, mpole, anapita na vitabu vyake, "Hello anti," basi. Kiswahili alikisikia, kwa kuwa alikulia katikati ya mbao zetu, lakini hakuna aliyewahi kukisikia kinywani mwake. Kidagaaba chake, baba yake alisema, kingeenea kwenye kijiko. Alipozikwa mama yake, binti hakulia. Alikaa kitandani siku tatu akiangalia ukuta, na baada ya hapo mwaka mzima alikuwa akiongea kwa kunong'ona.

Fundi alipoanza kuugua kifua, hilo ndilo lililomtesa, kuliko kifua chenyewe. Nilimkuta hospitali Jumapili moja, midomo imekauka, miwani yake imewekwa ndani ya kikombe.

"Kwetu," aliniambia, "mufiwa tunamufunga kamba mkononi. Rafiki anashika upande mwingine. Asijitupe, asikimbilie porini. Lakini kamba haitoshi. Mutu ya kucheka anahitajika. Weye utakuja?"

"Unakufa lini?" nilimuuliza. "Nina oda nyingi."

Alifurahi sana. Alifurahi hadi muuguzi akaja. Kisha akanishika kiganja, akaacha mzaha. "Huyu mutoto atanyamaza tena," akasema. "Safari hii peke yake. Mama, akinyamaza tena hatarudi. Umufanye ajibu."

Nikaahidi. Mimi si mtu wa kuahidi ovyo, na nikishaahidi ni kama nimeshakata kitambaa.

Akafariki Jumanne. Jumatano msusi wetu Mkongo alipita kunieleza kwamba mambo yote yameshikwa na mzee wa Wadagaaba wa mji mzima, mtu wa ofisini kule Randburg, na kwamba jeneza litaletwa uani kwetu Jumamosi asubuhi, wapige marimba kidogo, kisha kanisani, kisha makaburini kando ya mkewe. Nikamwambia na mimi nina sehemu yangu. Nilipomweleza ni sehemu gani alishika kichwa.

"Eish, mama! Weye utaenda kuchekesha maiti? Hapa Joburg? Batu watakupiga!"

"Watanipiga kisha watanizika. Niandalie wali."

Ila nilijua adabu. Mtani haingii kama mwizi, mwenye msiba lazima ajue yupo. Alhamisi nilifunga karakana, nikapanda teksi hadi Randburg, nikamkuta mzee yule kwenye ofisi yenye kapeti na mashine ya maji. Suti safi, viatu vinang'aa. Alinikaribisha kwa heshima na kunisikiliza kwa heshima, na alipokwisha kunisikiliza akakataa kwa heshima vilevile. Tuliongea Kiingereza, kwa hiyo naandika maana yake.

"Madamu, nakushukuru. Lakini mtani hachaguliwi. Anazaliwa. Wewe si Mfrafra. Ni mwanamke, ni Mtanzania, ni Mwislamu. Ukisimama mbele ya jeneza ukamkejeli ndugu yetu, hilo si utani, ni matusi."

"Aliniomba mwenyewe."

"Alikuwa mgonjwa." Akakunja mikono. "Na kuna jambo jingine. Watakuwepo watu wa kanisa, watakuwepo wanafunzi wenzake binti. Hawa watu wa hapa tayari wanatuona washenzi. Unataka waende kusimulia kwamba tunacheka maiti zetu?"

Hapo niliona alichokuwa anakiogopa, na moto ukanipanda. Nilimwambia kwamba Mnyamwezi hakuzaliwa mtani wa Mzaramo. Wanyamwezi walikuwa wakipita nchini kwetu na misafara, mizigo ya watu vichwani, kwenda pwani na kurudi, miaka na miaka. Walichoka njiani wakiwa kwetu. Waliugua kwetu. Walikufa kwetu, mbali na mama zao, na sisi ndio tuliowachimbia kaburi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Utani wetu ulianzia hapo. Ulizaliwa njiani, kati ya watu waliozikana. Na sisi tulioko Doornfontein, nikamuuliza, tuko wapi kama si njiani?

Akakunjua mikono. Nilidhani nimemshika. Kisha akasimama, maana yake niondoke.

"Siwezi kukufunga kamba, madamu. Ila nitawaambia watu wetu. Ukifanya, hakuna atakayekujibu."

Nilishuka ngazi kwa hasira na kwa woga pia, sitaficha. Alijua mahali pa kunipiga. Kumzuia mtani hakuna haja, unamnyamazia tu. Watu wote wakiinamisha vichwa, yeye anabaki peke yake na kofia ya marehemu kichwani, kichaa mbele ya jeneza, na siku hiyo msiba unaharibika kwa ajili yake. Na binti angeona nini? Angeona jirani wa baba yake, anti wa sare za shule, akimdhihaki baba mbele za watu. Njia nzima nilifikiria kuacha. Nilipofika kwenye taa za barabarani za kwetu nilikuwa nimeshajiambia kwamba nitaenda kama mwombolezaji tu, nikae nyuma na tasbihi yangu.

Lakini niliingia karakana, nikatazama juu, na buibui walikuwa bado wapo. Sikuwa nimewafagia. Ahadi nyingine pekee niliyowahi kumpa yule mtu ilikuwa juu ya buibui, nami niliitunza mwaka mzima na mabibi harusi wakinilalamikia. Nikaona haya. Ijumaa niliswali, nikaenda kwa msimamizi wa jengo kuomba ufunguo wa chumba cha fundi, kwa kisingizio cha cherehani yangu iliyobaki huko.

Jumamosi kulikuwa na jua kali la Joburg lisilo na joto. Jeneza liliwekwa uani juu ya meza mbili za kukatia nguo, meza zangu. Kwao marehemu angekaa mwenyewe kitini, amevikwa vizuri, watu wamwone na kumwambia yao. Hapa sheria ni sheria, kwa hiyo waliweka kiti chake cha kazini, wakakitandika lile shati lake pana la mistari, la nyuzi za kufumwa kwa mkono. Wanaume wawili walipiga marimba, yake na nyingine, ule mlio wa mkwaruzo, na walipiga kwa namna inayopigiwa mwanamume, maana mwanamke ana yake. Walikuwa Wadagaaba kumi hivi. Wengine wote ni sisi wa jengo, watu wa kanisa, na wanafunzi wenye simu mikononi.

Binti alisimama karibu na kiti. Mzee wa Randburg alikuwa amemfunga mkononi utepe wa kaniki niliyoitoa mimi, na upande wa pili kaushika msusi Mkongo. Kamba waliikumbuka. Nilimtazama usoni. Macho makavu, mdomo umefungwa, anaangalia sakafu ya saruji kama alivyouangalia ule ukuta. Alikuwa ameshaanza kuondoka.

Waliposhika jeneza kulinyanyua, nilitoka mlango wa nyuma.

Nilivaa aproni yake yenye madoa. Nilivaa miwani yake ya uzi mweusi, sioni kitu. Mkononi nilishika kopo lake la mafuta ya cherehani, lile lenye mdomo mrefu mwembamba, ambalo hakumruhusu mtu kuligusa. Nikaja nachechemea kama yeye, bisibisi mdomoni, nikawapita watu wa kanisa, nikalala kifua juu ya jeneza.

"Munapeleka wapi?" nikauliza kwa Kiswahili chake. "Nani alisema imekufa? Haiyakufa! Iko na kiu tu!"

Nikaanza kulitia jeneza mafuta kwenye bawaba. Tone, tone. Nikaligonga kwa bisibisi, nikaweka sikio. Nikasema hii mashine ni ya zamani, imetengenezwa na watu wa siku sita, siku ya saba walikwenda kula mbwa ndiyo maana ina kasoro. Nikasema nataka karanga. Nikasema bila karanga haitoki.

Marimba zikasimama.

Hakuna aliyecheka. Nilivua miwani kidogo nione. Wadagaaba wote kumi walikuwa wameinamisha vichwa, kama walivyoagizwa. Mzee wa Randburg alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwanamke mmoja wa kanisa alijishika mdomo. Msusi wetu alikuwa amefumba macho, anasali. Na simu za wanafunzi zilikuwa juu.

Sijawahi kuwa mpweke kama hapo, hata siku niliyoshuka basi Park Station bila kumjua mtu. Mtani akilia amekwisha, nilijua, na nilihisi kilio kinapanda. Nikapiga moyo konde. Nikarudisha miwani, nikageuka, nikaanza kutembea upya mbele ya jeneza, mbele ya kile kiti, nachechemea zaidi, naburuza mguu hadi kiatu kinalia kwenye saruji. Nikapita mara moja. Nikapita mara ya pili, na huku nikilalamika kwamba mafundi wa Doornfontein wote wezi.

"Siyo mguu huo."

Sauti ilikuwa ndogo. Nikasimama.

"Siyo mguu huo, anti," binti akasema. "Ni wa kushoto. Baba anachechemea kushoto."

Naapa sikufanya makusudi. Muda wote ule, mtu nikimtania mwendo wake kila Jumamosi, na mguu wenyewe nimeukosea. Lakini mtani haombi msamaha.

"Kushoto, kulia, weye unajua nini?" nilimfokea. "Mutoto wa chuo! Mimi ndiye fundi!"

Akainua uso. Kitu kilipita machoni mwake. Akapiga hatua, utepe ukanyooka, msusi akafuata.

"Weye Mzaramo," akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda, na ilikuwa Kiswahili, Kiswahili cha baba yake neno kwa neno, "weye Mzaramo hauna haya! Umeuza shamba ngapi ucheze ngoma? Kushona haujui! Magauni yako baba alikuwa anasema ni magunia yenye lesi!"

"Alisema hivyo?"

"Kila siku!"

Yule mpiga marimba wa kwanza akatoa mlio wa puani. Akajaribu kuuficha, akashindwa. Binti alikuwa anakuja, anamvuta msusi na kamba yake katikati ya watu, machozi sasa yanamwagika, mdomo wazi, analia kwa sauti kubwa kama mtoto, na hapohapo anacheka, na hapohapo ananitukana. Alinifikia. Akashika kopo la mafuta mkononi mwangu.

"Lete hapa! Baba hakukuruhusu kulishika!"

"Bila karanga sitoi."

"Lete!" Akanipokonya, akaliinamia jeneza, akalitia tone moja kwenye bawaba ambayo nilikuwa nimeiruka. Akabaki ameinama pale, paji la uso juu ya mbao, analia kilio cha watu wawili, cha mama yake na cha baba yake. Msusi akamkumbatia kwa nyuma.

Kisha nyuma yangu mtu akazungumza kwa nguvu, kwa lugha nisiyoijua, na Wadagaaba wote wakaangua kicheko. Nikageuka. Alikuwa mzee wa Randburg, suti yake imefunguka vifungo, kidole kimeninyooshea. Nilimuuliza mpiga marimba amesema nini.

"Amesema kichwa cha mbwa umekula wewe."

Nikamjibu mzee kwamba kilikuwa hakina chumvi. Mtu mmoja alikwenda dukani kwa Msomali kona ya mtaa, akarudi na mfuko wa karanga, nikalipisha jeneza njia likapita. Marimba zilipigwa hadi gari lilipoondoka.

Makaburini sikufanya mzaha. Kanisani nilikaa nyuma kabisa na tasbihi yangu. Nilikuwa nimemaliza kazi.

Mimi mwenyewe nililia Jumatatu. Cherehani kubwa ilikwama katikati ya sare ya shule, nikainuka kwa mazoea kugonga ule ukuta wa mbao ili nimwite, na mkono ukabaki hewani. Nikakaa chini sakafuni. Nililia vibaya, kama anayetapika, kanga usoni, na hakukuwa na mtu wa kunifunga kamba.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Binti aliingia na vitabu vyake kwapani, akatazama kwanza juu, kwenye pembe za dari, kisha akanitazama mimi. Mkononi alikuwa na kopo la mafuta.

"Sogea hapo," akasema. "Mzaramo gani huyu, analia kama amefiwa na shamba. Nani kakwambia imekufa?"

Akawa anangoja. Alikuwa amesimama juu yangu, kidevu kinamtetemeka, anangoja tu. Nikafuta uso kwa kanga, nikamjibu.